Kofi Nililomwekea Kaka Chang-ryul

Duka la Tambi Baridi la Tak,
Kijiji cha Abai,
Sokcho, Mkoa wa Gangwon.
29 Septemba 2005

Mpendwa dada Geum-nyeo,

Kabla sijakuamkia, tafuta kiti ukae. Kama unashona, ondoa mguu kwenye cherehani, nisije nikakutoboa kidole kutoka ng'ambo ya dunia. Mdogo wako ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliokimbia vita kule Hamgyong, kaskazini, wakiwa na kamasi puani. Kura ya Msalaba Mwekundu imepigwa, na kompyuta imelichagua jina langu. Watu zaidi ya laki moja wamejiandikisha kuwatafuta ndugu zao wa kaskazini, wazee wanazikwa huku wakingoja zamu, na mashine ikawaruka wote hao ikasimama kwa Tak Chang-bok, muuza tambi. Kaka Chang-ryul yu hai. Nitapanda basi mpaka Mlima Kumgang, ng'ambo ya mpaka, nitakaa naye meza moja, uso kwa uso. Nasikia hata meno yake anayo yote. Ayatunze mpaka nifike.

Haya, sasa shikamoo dada. Magoti yanasemaje? Barua yako ya mwisho ilisema ngazi za ghorofa yenu zimegeuka adui, na kwamba shemeji Eom amekatazwa sukari lakini anaiba peremende za wajukuu. Mwambie nimesema aibe kwa adabu, achukue mojamoja. Na huyo mjukuu wenu anayetaka kuolewa na Mbrazili, mwacheni aolewe. Nimepika melini na Wabrazili wawili. Wanachelewa kila mahali isipokuwa kwenye chakula, na mume anayewahi chakula huyo anarudi nyumbani.

Sisi huku wazima. Mama Tae-ung amefanyiwa upasuaji wa jicho, na sasa anaona vumbi ambalo mimi na lenyewe tumeishi kwa amani miaka mingi. Tae-ung bado yuko Incheon anauza lifti. Kutwa nzima anapandisha watu, yeye mwenyewe hapandi cheo. Mimi sina neno. Tumbo linatangulia, nami nalifuata kwa heshima.

Duka linakwenda. Ngisi wamekuwa adimu msimu huu, hata wale wa kujaza wali naletewa wembamba kama soksi ya mtoto. Lakini tambi zangu bado zinawatoa watu Seoul. Wanakuja na kamera, wanapiga picha bakuli kabla ya kula. Nawaambia, kuleni jamani, hilo bakuli halisafiri.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la nne na hatujawahi kupatana tena.

Sikukuu ya mavuno, Chuseok, Tae-ung alikuja na mkewe. Baada ya kula na kufagia kaburi la shangazi, mama yako, akatutolea tiketi za sinema. Kuna filamu mpya ya vita, nchi nzima inaililia. Jina lake refu kama treni ya mizigo, sitaliandika. Tukaenda mchana, mimi, Mama Tae-ung na Guk Pil-dong kinyozi. Guk unamkumbuka. Ndiye yule mtoto aliyemtapikia shangazi kwenye sketi ndani ya meli tuliyokimbilia. Anakaa mlango wa pili kutoka kwangu, na mpaka leo adabu haijamfikia.

Mimi si mtu wa kulia sinema, dada. Nimeona filamu Las Palmas, nimeona filamu Samoa, katika lugha ambazo neno pekee nililolielewa ni mlio wa bunduki. Nikajiambia hii nayo nitaiona kama hizo, nitakula karanga, nitarudi dukani.

Ni habari ya ndugu wawili wa kwetu Hamgyong, watoto wa mwenye kinu cha maji. Vita vinaingia, mkubwa anachukuliwa na jeshi la kaskazini, mdogo anakimbilia kusini na huko anavishwa sare na kupewa bunduki. Miaka inapita. Siku moja theluji imefunga bonde, kila mmoja anajificha ndani ya kinu kilekile cha baba yao, kila mmoja hajui mwenzake yumo. Wanaelekezeana bunduki. Halafu wanajuana. Hapo wakaanza kugombana nani alimwacha nani, na nikasema afadhali, angalau hawa watu wa filamu wanajua kitu. Lakini ugomvi haukufika mbali. Wakachoma kiazi, wakakigawana. Kisha mkubwa akavua koti lake la pamba la jeshi, akamvika mdogo, ili mdogo apite katikati ya askari wa kaskazini wamdhanie mwenzao. Yeye akatoka upande wa pili na shati jepesi, kwenye theluji. Wenzake mwenyewe walipoona mtu asiye na sare anakimbia bondeni, wakampiga risasi. Mdogo anausikia mlio na hatakiwi kugeuka. Anatembea ndani ya koti la kaka yake, anatembea tu, mpaka taa zikawashwa.

Ukumbi mzima ulikuwa kama banda la kuanikia ngisi lililonyeshewa, maji yanatona kila pembe. Guk alilia kwa sauti ya pampu mbovu. Mama Tae-ung alimaliza leso yake akachukua yangu.

Mimi nilikuwa nachemka.

Kwanza huyo kaka. Ni mzuri kama bibi harusi, meno meupe kama figili iliyomenywa, masikio hayajaungua baridi hata kidogo. Kiazi anakila bila chumvi huku anatabasamu. Mtu gani wa Hamgyong amewahi kutabasamia kiazi? Tumekula viazi mpaka tukavinung'unikia usingizini. Lakini hayo nimeyasamehe, kila kazi ina uzembe wake. Kilichonichoma ni koti. Watu wa filamu wanawatoa wapi kaka wa namna hiyo? Nionyeshwe duka lao nami nikanunue mmoja.

Nilisimama, dada. Palepale kaka anapofungua vifungo, nilisimama nikasema kwa sauti ya jikoni, "Uongo huu. Kaka hatoi koti."

Msichana mmoja nyuma yangu akasema, "Babu, kaa chini, unatuzibia."

Nikamwambia, "Mjukuu, nakuokoa. Usije ukaolewa ukitegemea mambo haya."

Guk akanivuta mkanda nikaanguka kwenye kiti.

Wewe wakati ule ulikuwa na miaka kumi na miwili, unaikumbuka bandari ya Heungnam vizuri kuliko mimi niliyekuwa na minane. Hata hivyo niache niisimulie tena, maana hasira isiyosimuliwa inachacha, na yangu naitaka iwe mbichi nitakapofika Kumgang.

Mama alikuwa kaburini. Baba alikuwa amechukuliwa na askari tangu majani yanaanguka, na alipokuwa anatolewa mlangoni aliushika mkono wangu akautia katika mkono wa Chang-ryul. Kwa hiyo mimi nilikuwa mali ya kaka, kwa mkono wa baba mwenyewe. Usiku wa mwisho tulilala kwa yule mpika tofu nje ya mji. Asubuhi mguu wangu ulikuwa umevimba, kaka akanibeba. Mgongo ni mmoja. Kasha la vibao vya mababu, vile vyenye majina ya wazee wetu waliokufa, likabaki kwa mpika tofu.

Nawe unajua nyumba yetu ilivyokuwa. Chang-ryul ni mzaliwa wa kwanza wa mzaliwa wa kwanza. Mtoto wa namna hiyo kwetu, kabla hajajua kutembea ameshajua kwamba nyumba ikiungua, vibao vya mababu vinatoka kwanza, ng'ombe baadaye, watu baada ya ng'ombe. Tulipofika gatini akanitua juu ya furushi la matandiko, kati yako na shangazi. Mgongo ukawa mwepesi. Na mgongo ulipokuwa mwepesi akawakumbuka wenye nafasi hiyo, wale wazee wa kwenye kasha. Akajipapasa, akapauka.

"Kaa hapa," akaniambia. "Usiinuke hata ukibanwa mkojo. Nakwenda kuwachukua wazee, narudi."

Shangazi akamwambia, "Chang-ryul, una wazimu? Wazee wamekufa. Huyu ndiye aliye hai."

Akasema, "Shangazi, baba akitoka huko akiniuliza, nitamwambia nini?"

Akaingia katikati ya watu. Meli ikapakia, shangazi akanishika ukosi wa shingo kama paka na mwanawe, tukapanda. Mimi sikuinuka mpaka nilipoinuliwa. Nilikuwa nimebanwa, nikatii, nikalilowesha furushi lenu lote, na wewe ulinifinya kwa hilo njia nzima mpaka kisiwa cha Geoje. Nakudai mfinyo mmoja, lakini wewe si adui wangu mkubwa.

Kwa hiyo tuelewane. Kaka wa filamu alimwacha mdogo wake ili amwokoe. Wa kwangu aliniacha akafuata vipande vya mbao vyenye majina ya watu ambao hata yeye hakuwahi kuwaona.

Nilijiapiza kulipiza, na nimelipiza. Hili sijawahi kukuandikia kwa sababu ungenitukana, lakini sasa uko mbali na magoti mabovu. Hapa Abai, mtu asiyejua ndugu yake alikufa siku gani anamwandalia meza ya wafu siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda yetu ya zamani. Wenzangu walipoanza kukata tamaa mmojammoja na kuandaa meza zao, nami nikaandaa yangu. Chang-ryul hakuwa na mke wala mtoto, hakuna mwingine wa kumlisha. Nikaweka kibao chenye jina lake, nikawasha ubani, nikapanga wali, mchuzi, samaki, mapeasi. Halafu safu ya mbele kabisa, karibu na mkono wake, nikaweka bakuli la kimchi, kabichi iliyochachushwa, nyekundu kwa pilipili, vitunguu saumu vikiwa vimelala juu, na pembeni mapichi ya kopo.

Ndiyo dada, umesoma sawasawa. Pilipili, vitunguu saumu na mapichi, vitu vitatu ambavyo roho ya mtu ikivinusa inageuza njia. Kila mwaka nikafungua mlango kama inavyotakiwa, nikainama mara mbili kwa heshima zote, nikamwambia, "Kaka, uliniacha ukafuata wafu. Haya, sasa wewe ndiye mfu wangu. Karibu ule, ukiweza."

Mama Tae-ung mwaka wa kwanza alilia. Akasema, "Baba Tae-ung, utamletea mwanao laana."

Nikamwambia, "Laana ije na kaka, njia yao ni moja. Hawatafika wote."

Anayefika ni Guk. Tukishamaliza kuinama anaingia na vijiti vyake vya kulia mkononi. Anasema amekula meza za wafu za kijiji kizima, zote zina ladha ya maji ya kuoshea mchele, na yangu ndiyo peke yake inayompa mtu hamu ya kufa.

Basi ona mambo yalivyo. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namwandalia meza mtu mzima anayekula na kunywa. Kosa hilo lisimulie kwa mtu wa nje, atakuona mwendawazimu, lakini hapa tumelifanya nusu ya kijiji. Nasema masikio lazima yalimwasha kila mwezi wa tisa, na pengine alipaliwa na pilipili ambayo hakuila. Mwaka huu hakuna meza. Mtu aliye hai halishwi ubani, anachapwa.

Nimeshajitayarisha. Wenzangu wanaokwenda huko hubeba zawadi: saa, dawa za tumbo, nguo nzito za ndani, keki za chokoleti. Mimi nabeba kiganja. Kila alfajiri kabla sijakanda unga nalipiga gunia kofi moja la mkono wa kulia, la mpishi wa meli, mpaka ukuta unakuwa mweupe. Umeona kwenye televisheni wanavyokutana wale watu, wanakumbatiana, wanapiga yowe, kamera zinawaingia puani. Mimi nitakuwa wa kwanza katika historia kupiga kofi. Watauliza yule mzee ni nani. Wataambiwa ni Tak wa Sokcho, na tambi zake pia si mbaya.

Nikishampiga nitamuuliza jambo moja tu. Nitamuuliza, "Wazee hawajambo?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kwa furaha yangu, na hapo ndipo Guk Pil-dong alipokuja kunimwagia mchanga kwenye unga.

Tulipotoka sinema tulirudi kwa kivuko chetu cha kuvuta. Kama kawaida wanaume wakashika kulabu kuivuta ile kamba ya chuma, mimi mbele, Guk nyuma yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili.

Akasema, "Kwa hiyo kaka hatoi koti."

"Hatoi."

"Hata siku moja."

"Guk, vuta kamba."

Akavuta kidogo, kisha akasema, "Namkumbuka mtoto mmoja melini. Alikuwa kama kengele. Koti la mtu mzima mpaka visiginoni, mikono haionekani, vifungo vimepishana. Sisi wote tunatetemeka, yeye ametulia tu kama mfalme. Nilimwonea wivu mpaka tumbo likachafuka. Nilidhani baba yake ni ofisa."

Nikamwambia, "Wewe ulikuwa unatapika, ungeona nini."

"Nilitapikia sketi, Tak. Macho yalikuwa mazima."

Mama Tae-ung alikuwa amekaa kwenye benchi anatazama maji. Bila kugeuka akasema, "Baba Tae-ung, lile koti lililo chini ya mablanketi, ninalolianika juani kila mwaka kabla ya mvua, ni la nani?"

"Si unajua. La kaka."

"Alivuliwa na nani?"

Nilivuta kamba peke yangu mpaka kivuko kikaenda upande.

Guk, ambaye hajui kunyamaza hata akiwa na wembe kwenye koo la mtu, akaongeza, "Desemba, Heungnam, upepo wa bahari. Mtu anayetoroka huondoka na koti lake. Anayelivua na kuliacha huyo anakwenda hapo tu na kurudi. Hilo hata mimi kinyozi nalijua."

Dada, nilitaka kumtupa majini. Kwa sababu sijawahi kusema uongo kuhusu siku ile. Aliniacha, ni kweli. Alifuata vibao, ni kweli. Ila hapo kwenye koti nimezoea kupita haraka, kama unavyopita mbele ya nyumba ya mtu mliyekosana. Alilivua, akanivika, akakosea vifungo kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nami nikajiambia ameliacha kama mlevi anavyoacha saa yake kilabuni, rehani ya kitu asichonuia kukilipa. Nikalikunja na maneno hayohayo, nikaliweka chini ya mablanketi.

Usidhani sasa nimelainika. Hasira imezidi. Hasira yangu ilikuwa imesimama kwa miguu minne kama kiti kizuri, wale wawili wameng'oa mmoja, na tangu hapo kila nikikaa nayumba. Chang-ryul alinidhulumu kaka, na sasa amenidhulumu hata chuki iliyonyooka. Kwa hiyo makofi yamekuwa mawili. La kwanza la kuondoka, la pili la koti.

Na filamu nayo nimeilipizia. Kesho yake nilikwenda kusimama mlangoni pa sinema, nikapita foleni yote toka mwanzo hadi mwisho nikiwaambia, "Mkubwa anakufa. Anauawa na wenzake. Koti linabaki." Kijana mmoja alitaka kunipiga. Mama mmoja aliyekuja na leso tatu akaniambia kwamba mtu kama mimi hata mbwa wake hana raha. Nikawainamia wote kwa adabu.

Halafu nikakata tiketi nikaingia.

Nililala sehemu ya kwanza yote. Nikaamka kwenye kinu. Nilichotaka ni kumwona anavyotembea yule kaka baada ya kuvua koti, basi. Anatembea mabega yamepanda hivi, mikono chini ya kwapa, haraka, kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Sasa sikumbuki kama nilimwona Chang-ryul akitembea hivyo, au nimemwona huyu mwenye meno ya figili. Filamu imeniingilia kichwani, imekaa mahali pa mtu wangu. Hilo nalo nitamdai nani?

Ndiyo sababu nakuandikia. Guk alikuwa anatapika, shangazi hayupo, umebaki wewe. Mimi niliambiwa nisiinuke, na nilikuwa nimetazama baharini. Wewe ulikuwa umekaa upande ule alikoelekea. Nieleze, dada. Alipoingia katikati ya watu, aligeuka? Hata mara moja? Usinifiche kwa kuniogopea moyo, mimi moyo wangu ni wa mpishi, umeshakatwa sana. Nataka kujua tu ili nipime nguvu ya mkono. Kama hakugeuka, atapata makofi yote mawili kwa uzito wake. Kama aligeuka, la pili nitalipunguza.

Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Usinitungie. Za kutungwa nimeshaziona mara mbili.

Nisalimie shemeji Eom na peremende zake. Nisalimie binti yenu Mi-hyang na mumewe, na yule kijana wenu Du-hwan ambaye sasa mnamwita jina lingine lisiloingia mdomoni mwangu. Bibi harusi mwambie babu yake wa tambi anamtakia nyumba yenye kelele. Guk anakusalimu, anasema sketi ya shangazi angeilipa ila haoni wa kumlipa. Mama Tae-ung anakutumia mwani mkavu na anasema uuloweke, usiuchemshe. Kaburi la shangazi tumelifagia vizuri, nilimmiminia kikombe kwa niaba yako na cha pili kwa niaba ya kiu yangu.

Mungu wenu wa huko na mababu wa huku wakae kikao kimoja, wakubaliane kuhusu magoti yako. Ushone mpaka uchoke kwa hiari yako mwenyewe, na siku moja uingie duka hili bila kubisha hodi.

Wako akupendaye, mdogo wako aliyelowesha furushi,

Tak Chang-bok

Tena dada, nilikuwa nimeshabandika bahasha, nimeichana. Tarehe kumi na moja mwezi ujao ndiyo siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kwetu. Meza nitaandaa. Mapeasi yameshanunuliwa, na Mama Tae-ung amelitoa koti amelitundika karibu na mlango. Mwaka huu kimchi itabaki jikoni na mapichi yatabaki kwenye kopo. Guk ameshaanza kulalamika. Mlango nitaufungua wote.

Kompyuta ilitaja watu wengine. Jina langu halikutoka, dada, na kama kaka yu hai au amekufa sijui. Nilidanganya.